Dalali huuza "afadhali"

Dalali aliniuliza swali moja tu kabla hatujaanza kuzunguka. Hakuuliza nina kiasi gani wala nataka vyumba vingapi. Hayo tulishayamaliza kwenye simu. Aliuliza, "Huko unakokaa sasa, kitu gani kinakukera kuliko vyote?" Nikamjibu: kelele. Kuta nyembamba, jirani akikohoa mimi ndiye ninayeamka. Akatikisa kichwa kama mganga aliyeshaujua ugonjwa, akatia funguo mfukoni, tukaondoka.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na giza, ukutani kuna doa la unyevu, na dirisha la chumba cha kulala limeelekea barabarani. Hakuisifia hata kwa neno moja. Alibaki mlangoni akichezea simu yake, sisi tukazunguka wenyewe tukatoka. Ya pili ilikuwa nzuri kupita kiasi, na bei yake ilikuwa ya kutuchekesha tu. Ya tatu ilikuwa nyumba ya kawaida. Lakini safari hii alitangulia mpaka katikati ya sebule, akasimama, akanyanyua kidole. "Hebu sikilizeni." Tukasikiliza. Kimya. Akaongeza, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba chumba cha kulala kimeelekea mashariki, kwa hiyo jua la jioni halitatufikia. Nikamgeukia mwenzangu nikatamka neno ambalo, nikikumbuka leo, naona ndilo alilokuwa akilisubiri tangu asubuhi: "Afadhali hii."

Siku nzima ile hakusema uongo hata mmoja. Doa la unyevu lilikuwepo kweli. Bei ya nyumba ya pili ilikuwa ndiyo hiyo kweli. Ya tatu ilikuwa tulivu kweli, angalau saa ile. Kwamba bomba la bafuni linatoa maji kama machozi nilikuja kulijua wiki ya pili, na kosa si lake. Sikulifungua. Nilikuwa nasikiliza ukimya.

Tunapomsema dalali, na tunamsema sana, huwa tunamsema kwa mambo mawili: anadanganya, na anaweka cha juu. Yote mawili yapo, sibishi. Ila naona tunamshika kwa kosa dogo tukamwachia lile kubwa. Mtu aliyetia chumvi kwenye maelezo anakamatika: unapima kiwanja, unawasha gari, unauliza majirani. Aliyekuchagulia cha kupima utamkamata kwa lipi? Kipimo kimo mkononi mwako, kakupa yeye, nawe unaapa kwamba ulitoka nacho nyumbani. Mpaka mnafika kwenye kuvutana bei, mauzo yalishafanyika zamani.

Lichukue neno lenyewe, afadhali. Halijui kusimama peke yake. Huwezi kuingia kwenye nyumba moja pekee uliyowahi kuiona maishani ukasema afadhali. Lazima nyuma yake iwepo nyingine iliyoshindwa. Kwa hiyo anayetaka ulitamke hana haja ya kuitengeneza nyumba anayoiuza. Anaitengeneza ile ya kabla yake.

Watafiti wa masoko walilipima jambo hili zamani. Mwaka 1982 Joel Huber, John Payne na Christopher Puto walichapisha majaribio ambamo watu walipewa vitu viwili wachague, kuanzia magari hadi televisheni: kimoja bora zaidi lakini ghali, kingine hafifu kidogo lakini nafuu. Kisha kikaongezwa cha tatu, kibaya kuliko kimojawapo kwa kila hali, ambacho hakuna mwenye akili timamu angekichukua. Wengi hawakukichukua. Lakini kule kuwepo kwake tu kukawasogeza watu kwenye kile kilichokuwa kinakishinda. Kitu kisichonunuliwa kikauza kingine. Nikisoma majaribio yale naiona nyumba yenye doa. Haikuwa imeletwa iuzwe. Ilikuwa kazini.

Na usidhani hizi ni hila za wanaotembea na funguo mfukoni. Oktoba 2004 Eliot Spitzer, wakati huo mwanasheria mkuu wa jimbo la New York, aliishtaki Marsh & McLennan, kampuni iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani katika udalali wa bima. Wateja wake walikuwa makampuni yenye wanasheria na wahasibu wao, si watu wa kubabaishwa na kidole kilichonyanyuliwa sebuleni. Tuhuma zilikuwa kwamba dalali huyu alipokea malipo ya pembeni kutoka kwa makampuni ya bima kulingana na wingi wa biashara aliyowapelekea, na kwamba pale alipokuwa ameshaamua kampuni ipi impate mteja, aliwaomba wengine walete bei za kuigiza, za juu kwa makusudi, ili ile iliyokusudiwa ionekane afadhali. Ni nyumba yenye doa ileile, ila kwa karatasi zenye nembo. Januari 2005 kampuni ilikubali kutoa dola milioni 850 za kuwafidia wateja wake na kuachana na malipo hayo ya pembeni.

Kama dalali angekuwa anapanga foleni tu ya kuonyesha vitu, jambo lingeishia hapo. Lakini kuna lililo chini zaidi, na naomba tukae nalo kidogo.

Mwaka 1996 Christopher Hsee wa Chuo Kikuu cha Chicago alieleza jaribio la kamusi za muziki zilizokwisha kutumika. Watu waliulizwa wangetoa kiasi gani. Kamusi ya kwanza ina maneno 10,000 na iko kama mpya. Ya pili ina maneno 20,000, ila jalada lake limechanika. Waliowekewa zote mbili mbele yao walitoa bei kubwa kwa ile ya maneno 20,000, na ndivyo inavyostahili, maana mtu hasomi jalada. Lakini wale waliowekewa moja tu, bila kujua kwamba kuna ya pili, walifanya kinyume chake: kamusi yenye maneno machache na jalada zima ikapata bei kubwa kuliko ile yenye maneno mara mbili yake.

Si kwamba kundi moja lilikuwa na werevu na jingine halina. Mtu ambaye hajaishi na kamusi za muziki hajui kama maneno 10,000 ni mengi au ni haba. Ni tarakimu tu, imekaa hewani. Jalada lililochanika kila mtu analijua. Kwa hiyo akiachwa peke yake na kitu kimoja, mnunuzi hushika kile anachoweza kukipima, na kinachopimika kirahisi mara nyingi si chenye faida. Ni rangi ya ukuta, si mabomba yaliyo ndani yake. Ni mng'aro wa gari, si umri wa mkanda wa injini. Tarakimu ile ya maneno inapata uzito siku tu itakapowekwa kando ya tarakimu nyingine, na mwenye mamlaka ya kuiweka kando ni yule anayeonyesha.

Sasa mfikirie dalali mwenye kamusi zote mbili begani. Akitaka kuiuza yenye jalada zuri, anakuja nayo peke yake. Akitaka kuiuza iliyochanika, anakuja na zote mbili. Hajagusa hata ukurasa mmoja, hajatamka neno la uongo, na bei iliyo kichwani mwako imeshapinduka. Sidhani kama madalali wengi wamemsoma Hsee. Hawana haja. Siku mia za kuzunguka na wateja zinafundisha zaidi, na ada yake ni wewe uliyelipa.

Kamusi ina bahati kwamba maneno yake yanahesabika. Kuna vitu ambavyo kabla ya kuuzwa havina hata cha kuhesabu, na hapo mtu wa kati hulazimika kuleta hesabu yenyewe. Almasi ni mfano mzuri. Lugha ya kupima uzito, rangi, usafi na mkato ambayo wauzaji huizungumza leo ilienezwa zaidi na taasisi ya GIA ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1931. Ngazi zake za rangi huanzia herufi D hadi Z. A, B na C zilirukwa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wameshazichakaza kwa kuzipaka kila jiwe. Tofauti ya D na E huioni kwa macho ya kawaida. Mpimaji huligeuza jiwe kichwa chini, kwenye mwanga maalumu, akiliweka kando ya mawe ya kulinganishia. Bado, mtu aliyeingia dukani akitaka jiwe linalong'aa hutoka akitaka herufi, na jiwe lenye herufi ya chini linamwacha na kinyongo, ingawa likivaliwa hakuna atakayeliona hilo, hata yeye mwenyewe.

Niseme kwa haki: kipimo hicho si utapeli. Kimewapunguzia wengi hatari ya kuuziwa jiwe hafifu kwa bei ya safi. Lakini kipimo kikishakuwepo, kinazaa hamu yake. Kabla ya herufi hakuna aliyelala macho akiiwaza herufi.

Aliyeijua kazi hii kuliko wote pengine ni Joseph Duveen, mfanyabiashara wa sanaa wa Uingereza aliyeishi kati ya mwaka 1869 na 1939. Alinunua picha za kale kutoka kwa familia za kikabaila za Ulaya zilizoishiwa fedha, akawauzia matajiri wa Marekani, watu kama Henry Frick, Henry Huntington na Andrew Mellon. Ukitazama namna alivyofanya, utaona kuwa picha ilikuja mwisho. Kwanza aliwafundisha kwamba kwa mtu wa kimo chao kuna picha zinazofaa na zisizofaa, kisha ikatokea kwamba zinazofaa anazo yeye. Somo kama hilo linahitaji mwalimu mwenye heshima, na mwalimu alikuwa Bernard Berenson, bingwa wa sanaa ya Italia, ambaye akisema picha hii ni ya bwana mkubwa mwenyewe wala si ya mwanafunzi wake, bei inaruka. Tangu mwaka 1912 Berenson alikuwa na mkataba wa siri wa kupata fungu katika faida ya Duveen. Wanunuzi walidhani amesimama kando, kama hakimu.

Mwaka 1936 Duveen alikodi nyumba chini ya ile aliyokuwa akiishi Mellon huko Washington, ghorofa moja kushuka. Akaijaza picha, akampa Mellon ufunguo. Basi. Hakumsukuma, hakumpigia kelele. Mzee akawa anateremka ngazi kwa wakati wake, anakaa na picha, anapanda kulala, na kesho anateremka tena. Akazinunua. Nyingi ziliishia katika National Gallery of Art iliyofunguliwa mwaka 1941, na ni picha nzuri kwelikweli. Hapo ndipo ninapokwama na ule usemi wetu wa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa Duveen kizuri kilikodishiwa nyumba.

Nasema hivyo nikijua kwamba bila mtu wa kati mengi mazuri yasingeonekana kabisa. Dalali na dalili ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kuonyesha na kuelekeza; dalali ni mwonyeshaji. George Akerlof alieleza mwaka 1970, kwa mfano wa magari yaliyotumika, kinachotokea pale muuzaji anapojua hali ya gari na mnunuzi hajui: mnunuzi, kwa kuogopa kuuziwa mbuzi kwenye gunia, anatoa bei ya gari bovu kwa kila gari, wenye magari mazima wanayaondoa sokoni, na yanabaki mabovu matupu. Mtu anayefahamu vitu na mwenye jina la kulinda anaweza kulivunja fundo hilo. Simo katika wale wanaosema madalali wafutwe. Nimejaribu kutafuta nyumba bila dalali, nikajikuta nazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Ila mwonyeshaji naye ana macho, na macho yake hayako nje ya mchezo. Mwaka 1987 Gregory Northcraft na Margaret Neale waliwapeleka wanafunzi na madalali wa kweli kwenye nyumba ileile mjini Tucson, Arizona, waikague na kuithamini. Kila mmoja alipewa kabrasha la taarifa za nyumba. Makabrasha yalifanana isipokuwa tarakimu moja, bei iliyotangazwa, ambayo kwa wengine ilikuwa asilimia 12 chini ya thamani iliyokadiriwa na wathamini na kwa wengine asilimia 12 juu. Makadirio yakaifuata tarakimu hiyo, juu kwa juu na chini kwa chini. Wanafunzi waliyumba, madalali nao wakayumba. Tofauti ni kwamba madalali hawakuwa wepesi kukiri. Wengi walipoulizwa walizingatia nini hawakuitaja bei iliyotangazwa kabisa.

Jaribio hili limenifanya nipunguze hasira. Tunapenda kumchora dalali kama mchezesha vikaragosi, anajua thamani ya kweli na anaificha. Huenda mara nyingi haijui. Muuzaji kamtajia tarakimu, imemkaa kichwani, naye anatuambukiza kwa moyo mweupe. Yule wangu, kwa kadiri ninavyokumbuka sura yake pale sebuleni, aliamini kabisa kwamba ametupatia nyumba nzuri.

Kuamini, hata hivyo, hakuzuii mfuko kufanya kazi yake. Wengi wetu tunadhani dalali anataka bei ipande kwa sababu kamisheni yake ni asilimia ya bei. Piga hesabu. Tuseme kinachobaki mkononi mwake, baada ya kugawana na ofisi na mwenzake wa upande wa pili, ni moja na nusu kwa kila mia. Mwenye nyumba akisubiri wiki mbili na kupata mia zaidi, mwenye nyumba anatia kibindoni karibu yote, dalali anapata moja na nusu, na wiki mbili hizo dalali ndiye anayezunguka na wageni na kulipia matangazo. Kwa nini asubiri? Steven Levitt na Chad Syverson walichambua mauzo ya karibu nyumba 100,000 katika eneo la Chicago, wakalinganisha nyumba za wateja na zile ambazo madalali walikuwa wakiuza za kwao wenyewe. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2008, nyumba za madalali wenyewe ziliuzwa kwa bei ya juu kwa takriban asilimia 3.7, na zilikaa sokoni siku tisa na nusu zaidi. Mtu aliyemwambia mteja wake "hii ofa usiiachie" alipofika kwenye nyumba yake aliiachia, akangoja nyingine.

Kwa hiyo dalali hayuko upande wa bei ya juu wala ya chini. Yuko upande wa "leo". Ukilielewa hilo, mengi yananyooka: ile simu inayolia mkiwa ndani ya nyumba, ya mteja mwingine anayekuja saa kumi, lile pendekezo la kukutana katikati, ile huruma kwa muuzaji mbele ya mnunuzi na kwa mnunuzi mbele ya muuzaji. Hata kile anachokufundisha kukithamini hutokana na hapo. Atakufundisha kupenda kile kilichopo tayari, ambacho mwenyewe yuko na hati ziko mezani. Ukimya ule niliouziwa ulikuwa ukimya uliopatikana Jumanne.

Na kuna nyumba ambazo hukuzisikia. Hili ndilo gumu kulilalamikia, maana huwezi kudai kitu usichojua kama kipo. Nchini Marekani kwa miaka mingi muuzaji ndiye aliyetangaza, kwenye orodha ya pamoja ya madalali, dalali wa mnunuzi atapata kamisheni kiasi gani. Madalali waliiona tarakimu hiyo; mnunuzi kwa kawaida hakuiona. Panle Barwick, Parag Pathak na Maisy Wong walichunguza mauzo ya mashariki ya Massachusetts, na mwaka 2017 wakaonyesha kwamba nyumba zilizotoa kamisheni ya chini zilikuwa na uwezekano mdogo wa kuuzwa kwa asilimia 5, na zilizouzwa zilichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 12. Nyumba hazikuwa na kosa. Zilikuwa hazionyeshwi kwa moyo. Mnunuzi aliyekuwa akitafuta nyumba ya namna ileile alizungushwa kwingine, akasema afadhali kwingine, akahamia huko, na mpaka leo angekuapia kwamba alichagua.

Mwaka 2024 chama cha madalali wa nyumba cha nchi hiyo, NAR, kilikubali kulipa dola milioni 418 kumaliza kesi zilizotokana na utaratibu huo, na tangu tarehe 17 Agosti mwaka huo tarakimu ile ya kamisheni haitangazwi tena kwenye orodha za pamoja, na mnunuzi anatakiwa awe na mkataba wa maandishi na dalali wake kabla ya kuzungushwa. Ni hatua. Sina hakika kama ni kubwa kama gharama yake, kwa sababu kamisheni inaweza bado kujadiliwa nje ya orodha.

Dawa inayopendwa na wenye kutunga kanuni ni nyepesi zaidi: dalali aseme wazi analipwa na nani. Inasikika vizuri. Daylian Cain, George Loewenstein na Don Moore waliijaribu mwaka 2005 kwa mtungi wa sarafu. Mtu mmoja anakadiria mtungi una thamani gani kwa kuutazama kwa mbali, na mshauri aliyeutazama kwa karibu anampa ushauri. Baadhi ya washauri walilipwa zaidi kadiri mkadiriaji anavyotaja kiasi kikubwa. Mkadiriaji alipoambiwa hivyo, alipunguza kidogo kwenye alichoambiwa, lakini hakupunguza vya kutosha. Na washauri, wakijua kwamba siri imefichuka, waliongeza chumvi zaidi ya walivyofanya pale ilipokuwa imefichika. Ni kama kusema "nimekuonya" kuliwapa ruhusa. Nimeyaona haya bila mtungi: dalali anayeanza kwa kukiri, "mimi nalipwa na mwenye nyumba, nakwambia ukweli," na mteja, badala ya kujikaza, analegea, kwa sababu mtu mkweli kiasi hicho unamshukuje?

Uingereza ilikwenda mbali zaidi, ikapiga marufuku kamisheni kwa washauri wa uwekezaji kuanzia tarehe 31 Desemba 2012. Uholanzi ilifuata mwaka 2013 kwa bidhaa kadhaa za fedha, zikiwemo mikopo ya nyumba. Ushauri ukawa na bei yake, mteja analipa mwenyewe. Wenye akiba ndogo walilalamika kuombwa fedha kwa kitu walichozoea kukipata bure. Hakikuwa bure, bila shaka, lakini bei usiyoiona haiumi.

Programu za simu zilizoahidi kumwondoa dalali zimekuwa dalali. Kinachotokea juu kwenye orodha ndiyo nyumba ya kwanza, na neno "inayopendekezwa" ni kidole kilichonyanyuliwa. Kampuni ya Zillow ya Marekani imekuwa ikiwapa watu makadirio ya bei za nyumba zao tangu mwaka 2006. Ilipoingia yenyewe kununua na kuuza nyumba, ilikosea kutabiri bei kiasi kwamba Novemba 2021 ilitangaza kuifunga biashara hiyo. Nilicheka, halafu nikakumbuka Tucson.

Safari iliyofuata ya kuhama nilijifanya mjanja. Nilikaa nyumbani usiku, kabla sijampigia mtu yeyote simu, nikaandika kwenye daftari mambo matano nisiyoyaachia. Maji yatoke kwa nguvu, hilo nililiandika la kwanza na kulipigia mstari. Kukadiria bei nikaapa sitatajiwa tarakimu kabla sijaandika yangu. Kesho yake nikampa dalali mpya daftari, kijana mpole, akalisoma lote akisogeza midomo. Akasimama kwenye la nne: chumba cha kulala kisielekee magharibi.

"Hili la jua la jioni," akasema, "lilishawahi kukusumbua?"

Nikafungua mdomo kumjibu. Nimelala vyumba vya magharibi sehemu kubwa ya maisha yangu, na sikumbuki hata siku moja niliyolalamika. Kijana akangoja, kalamu mkononi. Nikamwambia aliache hivyohivyo.